Siku Tilapia Waliponguruma Longech

Mwanangu, katika siku zote nilizokaa Longech, kando ya Ziwa Turkana, ipo moja ambayo sijaacha kuishukuru. Wakati huo wewe hukuwa hata wazo. Nilikuwa chuo kikuu, nasomea samaki, na sikukubali jambo lolote kabla ya kulipima. Hata sasa sikubali upesi, wala sikuombi uwe tofauti.

Kazi yangu ilikuwa kurekodi sauti za tilapia wanapotafuta wenzi. Usishangae, samaki ana sauti. Msimu ukifika, dume husogea kwenye maji ya kina kifupi, huchota mchanga kwa mdomo na kuutema pembeni mpaka apate shimo la mviringo. Jike akipita, dume humzunguka akitetemesha mwili na kutoa mngurumo mfupi, mzito, kama mtu anayegonga jerikeni tupu kwa kidole. Jike akiridhika hutaga humo, kisha huyaokota mayai na kwenda nayo kinywani.

Nilikuwa na maikrofoni ya majini, hedifoni na mtumbwi wa kuazima. Mngurumo ndio niliokosa. Kila mara nilisikia mawimbi na mbao za mtumbwi tu. Nikaivuta maikrofoni, nikaikagua, nikaishusha tena; nikahamia shimo lingine.

Aliyenishikia upondo wa kusukumia mtumbwi alikuwa baba yako. Espoir alikuwa mwalimu kambini Kakuma, mtoto wa Wakongo waliokimbilia huko, na ruhusa yake ya kutoka kambini ilikuwa inaisha kesho yake. Alikuwa ameniomba tuoane, akaja Longech kusikia jibu. Mjomba wangu wa Lodwar naye alikuwa amekwisha kunionya: kijana yule hakutaki wewe, anataka kitambulisho cha Kenya.

Lilikuwa neno baya, lakini halikuwa neno lisilowezekana. Kwa hiyo nilimhoji. Alinipendea nini? Angenipenda kama ningezaliwa kambini kama yeye? Ata, nyanya yangu, alikuwa akianika samaki ufuoni. Alitusikia tukisukuma mtumbwi majini, akacheka.

"Wewe msichana unauliza kama polisi ya barabara," akasema. "Hata lori ikisimamishwa hivyo, haifiki Lodwar."

Tulipofika juu ya mashimo nikalitoa lile swali lenyewe.

"Espoir, unanitaka mimi, ama unataka karatasi?"

Akaacha kusukuma. "Nikisema ninakutaka wewe, utaniamini?"

"Sijui."

"Bon. Basi hii swali haitaki jibu. Inataka tu nichoke."

Akauchomeka upondo kwenye matope, akanipa mgongo. Mimi nikavaa hedifoni ili nipate pa kujificha, nikaishusha maikrofoni, na kwa mara ya kwanza sikuigusa tena. Jua lilituchoma. Hakuna aliyesema kitu, hakuna aliyesogea.

Ndipo nikausikia. Mngurumo mmoja. Kimya. Kisha mwingine, karibu zaidi. Muda wote ule samaki walikuwapo. Ni mimi niliyekuwa nawanyamazisha kwa kuwakagua.

Nikainua mkono. Espoir akageuka, uso bado umevimba kwa hasira, akaona macho yangu, akaelewa. Upepo wa Turkana unaujua: ulikuwa unatusukuma kutuondoa pale. Aliukumbatia upondo, akauzuia mtumbwi mpaka mishipa ya mikono ikamsimama. Mtu niliyetoka kumtukana angeweza kuuachia tu, nami nisingekuwa na la kumlaumu. Hakuuachia mpaka nilipovua hedifoni.

Ufuoni nilimvisha Ata hedifoni asikie nilichorekodi. Akapiga makofi.

"Huyu anaringa! Babu yako alikuwa anaimbia ng'ombe yake hivi hivi, mimi nikipita na maji. Anaimba ng'ombe, macho iko kwangu."

"Na wewe ulimwuliza nini, Ata?"

"Nilisikiza. Siku mingi." Akanirudishia hedifoni. "Huyu kijana umeuliza. Sasa nyamaza, usikie."

Nilimbishia, bila shaka. Nilimweleza kwamba jike akishaondoka na mayai, dume hubaki shimoni akimngurumia mwingine. Mngurumo si ushahidi wa kitu.

"Hiyo hata babu yako alijaribu," akasema, na safari hii hakucheka.

Kesho yake, gari la Kakuma likiwa tayari, sikumwambia Espoir ndiyo. Nilimwambia maswali yamekwisha, na kwamba nitakuja Kakuma nikae, nione. Nikaenda. Nikamwona akifundisha darasa lililofurika bila kumfokea mtoto. Nikamwona akikosea, akirudi kuomba radhi. Siku nilipomjibu, hakuwa ameniuliza tena.

Na kitambulisho? Tulipooana alisema hataulizia habari zake mpaka mimi mwenyewe nimwambie. Miaka ikapita hakukitaja. Mwaka jana, wewe ukiwa mgongoni mwangu, ni mimi niliyemshika mkono nikamwambia, twende tukaulize.

Basi nasaha yangu ni hii, na usiitoe kwa samaki, kwa maana dume la tilapia si mume wa kuigwa. Uliza, mwanangu. Mwulize mjomba, mwulize mwalimu, niulize mimi. Anayekwambia usiulize ana kitu anachokificha au amechoka tu. Lakini ukishauliza, tulia. Liache jibu lije kwa mwendo wake, wala usilivute juu kila mara kulikagua. Mengine husemwa kwa mdomo. Mengine itabidi uyaone mikononi mwa mtu upepo unapovuma.

Namshukuru Ata, aliyeniachia mdomo wangu na kunifundisha kuupumzisha. Namshukuru baba yako kwa mikono yake. Akuj, Mungu wetu, akupe maswali yasiyokwisha, akupe na masikio ya kuyangojea majibu, na siku utakayomwudhi mtu anayekupenda, awe ni yule ambaye hatauachia upondo.