Veranda ya Nyasuguta Iliyong'aa

Katika miaka yangu yote ya kuishi Uriri, hakuna kitu kilichonichosha kama veranda ya Nyasuguta, mke wa Kerosi. Mwaka ule wa 1967 hapakuwa na habari nyingine. Nikienda kuteka maji, veranda. Nikipanga tumbaku yangu sokoni, veranda. Nilikaribia kuhama.

Mimi ni Rael, Mama Nyangi kwa majirani, Mkuria, na yeye alikuwa Mgusii, Msabato wa kufa na kupona. Tulikuwa majirani, wageni wawili katika nchi ya Wajaluo, tukielewana kwa Kiswahili chetu cha sokoni na maneno ya nyumbani yanayofanana. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa, asiyejua kukaa. Aliuza ndizi. Alimwita mumewe "huyu" hata akiwa amesimama mbele yake.

Lakini lazima niwe mkweli, veranda ile haikuwa maringo. Nyasuguta alipoolewa na Kerosi, fundi wa baiskeli, walipanga chumba nyuma ya duka, mlango ukitazama mtaro wa maji machafu. Akamtumia mama yake, Nyanchoka, salamu aje kumwona. Yule mama akarudisha jibu kwamba haendi kukaa kwenye mlango wa mtu mwingine. Siku binti yake atakapopata mlango wake mwenyewe, aitwe. Ikapita miaka tisa. Hakuja hata mjukuu wake Bichage alipozaliwa. Na kule nyumbani wake za kaka zake Nyasuguta wakapata la kusema: yule hana kwake, analala sokoni. Maneno hayo yalikuwa yakimfikia, na kila yalipomfikia alikosa usingizi.

Basi walipojenga nyumba yao wenyewe, ya udongo na bati juu, yenye veranda mbele na kibaraza cha kukalia kila upande wa mlango, alituma neno siku ileile. Jibu likaja: Nyanchoka atafika Jumapili, baada ya wiki mbili. Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza.

Kwanza alipanda maua kwenye mikebe akaipanga mbele ya kibaraza. Mbuzi wakayala kwa siku mbili, yote, mpaka mizizi. Kisha akasiriba ukuta kwa mavi ya ng'ombe, ukatoka laini kabisa. Wateja wa Kerosi wakaja, wakaegemeza migongo yao yenye jasho na baiskeli zao zenye mafuta. Ukuta ukawa na alama za mabega na magurudumu.

"Nitaua mtu," Nyasuguta aliniambia. "Mama Nyangi, nitaua mtu na nitaanza na huyu."

"Sasa baiskeli niweke wapi? Kwa mti?" Kerosi akauliza kutoka ndani.

Wiki ya pili alipeleka ndizi Osiri kuwauzia wachimbaji wa dhahabu, akarudi na gunia la udongo kichwani. Udongo wenyewe ulikuwa mwekundu, na ndani yake mlikuwa na vitu vidogo vinavyometameta. Kerosi alishika kiuno.

"Watu wanaenda Osiri wanaleta dhahabu. Wewe unaleta matope."

Nyasuguta alikanda udongo ule siku nzima, akaupaka ukuta wote wa mbele na vibaraza vyote viwili, kisha akachora kwa vidole kama mama yake alivyomfundisha: mawimbi, mistari inayopinda, na pembeni mwa mlango duara juu ya duara, yaliyojazwa udongo mweupe na masizi. Alhamisi jua lilipoupiga ukuta ule, uling'aa hadi barabarani. Mimi niliyechoka na veranda ile nilisimama nikaitazama, na nikamwambia ni nzuri. Ilikuwa nzuri kweli.

Sasa hapa mnilaumu. Siku hiyohiyo sokoni mteja mmoja aliniuliza nyumba ile inang'aa kwa nini, nami kwa mzaha nikasema, "Si ni dhahabu ya Osiri!" Nilidhani mtu mzima anajua mzaha. Kumbe karibu yangu alikuwepo Machuki, mtu wa kwetu, nasema kwa aibu, aliyechimba Osiri miaka mitatu na hakurudi hata na punje.

Ijumaa jioni kukatokea ugomvi mwingine. Kerosi alikuwa ameegemeza baiskeli ya mteja palepale pembeni mwa mlango, juu ya yale maduara. Nyasuguta akamwambia aiondoe. Kerosi akatazama magharibi taratibu.

"Jua limezama, Mama Bichage. Ni Sabato. Kusukuma baiskeli ni kazi."

Nilimsikia Nyasuguta akivuta pumzi mpaka kwangu. Baiskeli ikabaki.

Jumamosi wakaenda kanisani tangu asubuhi, kama kawaida yao. Mimi niliombwa niangalie mbuzi wasisogelee veranda. Mbuzi tu! Nilikaa, nikaangalia, kisha nikapeleka mahindi kusagwa, mara moja tu nirudi. Niliporudi nilikuta watu kama kumi kwenye veranda, na majembe, na mapanga, na makarai ya maji. Machuki alikuwa katikati akiwaelekeza.

"Mnafanya nini?" nilipiga kelele.

"Dhahabu haiangaliwi kwa macho, mama," akanijibu kwa upole, kama mwalimu. "Inaoshwa."

Niliwafukuza kwa mchi. Lakini walikuwa wameshabandua ukuta mpaka fito zikaonekana. Kibaraza kimoja kilikuwa kimechimbwa chote. Udongo wa Osiri ulikuwa umeoshwa na kumwagwa kwenye nyasi, na ndani yake hawakupata chochote, wapumbavu wale.

Nyasuguta alirudi saa kumi, na kilemba chake cheupe na Biblia kwapani. Alisimama. Hakulia. Alileta kigoda, akakaa akiutazama ukuta, kisha akalitazama jua. Roho iliniuma sana.

"Mimi si wa kanisa lenu," nikamwambia. "Acha niende nitafute mavi ya ng'ombe, nianze kupaka."

"Hapana."

"Lakini mama yako anafika kesho!"

"Amri inakataza hata mgeni aliye kwangu kufanya kazi. Kaa chini, Mama Nyangi. Wewe umefanya ya kutosha."

Ningefanya nini? Nilikaa. Tulilitazama jua lile wanawake wawili, nalo siku hiyo lilikataa katakata kushuka.

Lilipozama kukawa giza, basi Jumapili alfajiri tulipaka tulichoweza, mavi ya ng'ombe matupu, bila rangi, bila mchoro. Kipande kimoja tu cha mchoro ule kilikuwa kimebaki, upana wa sinia, pembeni mwa mlango. Baiskeli ndiyo iliyokikinga. Kerosi alitaka kulisema hilo, akauona uso wa mkewe, akaisukuma baiskeli mpaka nyuma ya nyumba.

Saa nne Nyanchoka alishuka kwenye basi, mama mkongwe mwenye fimbo. Alikuta ukuta mbichi unaonuka, na kibaraza kimoja. Akauliza nani kafanya hivi. Nyasuguta akamwambia, "Ni watu, mama. Walidhani ni dhahabu."

"Mh," akasema Nyanchoka. Akakaa, na gauni lake likashika matope.

Siku mbili hizo ilikuwa ni "Mh" tu. Akipewa chai, mh. Akitazama bati, mh. Nyasuguta alikuja kwangu kupumua, macho mekundu. "Miaka tisa, Mama Nyangi! Miaka tisa, aje kuniambia mh!"

Jumanne, siku ya kuondoka, nilikuwa kwao kusaidia kufunga ndizi za safari. Tukasikia kitu kinakwaruza nje. Tukatoka mbio. Nyanchoka alikuwa amepiga magoti pembeni mwa mlango na kisu cha jikoni, amekikata kile kipande chenye maduara, chote, na sasa alikuwa anakifunga ndani ya kitambaa chake.

Nyasuguta alipasuka.

"Hata wewe, mama! Hata wewe! Hakuna dhahabu! Ni udongo, ni udongo tu, mara ngapi niseme?"

Yule mkongwe hakupandisha sauti. Alikaza fundo la kitambaa kwanza.

"Dhahabu ya nini? Wake za kaka zako wanasema huna mlango. Nikifika na maneno matupu, watasema mama anamfichia mtoto wake. Nitawawekea hiki mezani."

Nyasuguta alimwokotea fimbo. Alimshika mama yake mkono, akamwinua, wakaenda kungoja basi.

Veranda ilipakwa upya baadaye, ikapata maua na kila kitu. Lakini lile shimo pembeni mwa mlango liliachwa, na kila mgeni aliuliza, nami ndiye niliyechoka kulieleza. Kerosi alijaribu siku moja kuliziba. Alifukuzwa kwa mwiko mpaka barabarani.