Fremu Iliyopakwa Rangi ya Msikiti

Mdogo wangu alikuwa anarudi Korogwe kutoka vijiji vya Handeni, alikokwenda kuuza vitenge, na hakufika. Ilikuwa masika. Watu wawili waliokuwa ng'ambo ya korongo walimwona mtu akiingia kwenye maji na baiskeli begani, kisha hawakumwona tena. Kwa mvua ile hawakuitambua sura. Mwili haukupatikana.

Mke wake akabaki katikati. Hakuwa na mume ndani ya nyumba, wala hakuwa mjane. Shehe wetu alimwambia kwa upole kwamba wapita njia kwenye korongo lile ni wengi, na yeye hawezi kumtangaza mtu kuwa amekufa kwa kukisia. Asubiri. Akasubiri. Mimi niliendelea kufungua banda langu la baiskeli pale Manundu, nikaziba pancha, nikaswali, nikafunga. Watu walinipa pole, nikawashukuru. Namshukuru Mungu kwamba mikono ilijua kazi yake, maana sehemu nyingine zote zilikuwa kama mguu uliokufa ganzi.

Kiangazi kilipokolea, wachimba mchanga walifukua fremu ya baiskeli kwenye korongo lile, mbali kidogo chini ya mahali pa kuvukia. Wakapeleka habari msikitini kwao, na msikiti, ambao tuliuachia namba yetu tulipokuwa tukimtafuta, ukatupigia simu. Nikapanda basi la Handeni pamoja na shemeji yangu, huyo mke wa mdogo wangu.

Tuliikuta imeegemezwa ukutani mwa msikiti, ina rangi ya kijani inayong'aa.

"Shikamoo mzee," alisema mtunza msikiti.

"Marahaba. Ilipatikana na rangi hii?"

"Hapana, mzee. Ilikuwa kutu na matope matupu. Tukasema mama wa watu asije akaikuta vile. Tukaisugua, tukaipaka rangi iliyobaki ya milango."

Walifanya kwa huruma, na sikuona haki ya kuwalaumu. Lakini walikuwa wamefunika kila alama ambayo mke angeweza kuijua. Shemeji aliizunguka mara moja.

"Ya mume wangu ilikuwa nyekundu," alisema. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Shemeji, si hii. Unaona? Si hii."

Niliomba kisu na kipande cha msasa, nikaketi chini.

Baiskeli za mlima zilipoanza kuja na mitumba nilijifunza kutoamini rangi wala karatasi ya jina iliyobandikwa. Mtu hubandika anachotaka. Mabomba na maungio hayabandikwi. Mdogo wangu aliinunua fremu yake Segera, bila magurudumu, na akaniletea niitambue. Mabomba yake ya nyuma yalipita juu ya mnyororo, wakati kwa baiskeli nyingine hupita chini. Mgeni mmoja aliyeteremka Mombo kutoka Lushoto kwa baiskeli aliwahi kunieleza kwamba hiyo ni ya zamani, ya miaka ambayo waundaji walikuwa bado wanajaribu. Walitaka mnyororo usigongegonge bomba. Baadaye waliacha, kwa sababu fremu za namna ile hunesa na kupasuka karibu na pedeli. Kwenye chuma kinachoshika ekseli ya nyuma palichongwa kwamba imetoka Japani.

Sasa nilipitisha kidole kwenye ile ya kijani. Mabomba ya nyuma yalipita juu. Nikakwangua penye ekseli, herufi zikatokea, nchi ni ile ile.

Wachimba mchanga walikuwa wamesimama wananitazama. Mmoja, mcheshi wao, alisema, "Mzee, hicho ni chuma chakavu. Unakitafutia ukoo?"

Wenzake wakacheka. "Muulize na mahari yake," mwingine akadakia.

"Ukoo nimeshaujua," nilisema. "Namtafuta mwenyewe."

Maana ukoo peke yake haukutosha. Siku ile Segera zilikuja fremu mbili za namna moja, na ya pili ilinunuliwa na mtu wa huku huku Handeni. Shemeji alilijua hilo. Alikuwa ameinama juu yangu, nikimsikia anavyohema.

Ya mdogo wangu ilipasuka pale pale mgeni aliposema hupasuka. Mafundi wa kuchomelea kwa umeme walitaka kuiunga, nikakataa, kwa kuwa bomba lile ni jembamba na umeme ungelitoboa. Niliiunga mwenyewe kwa shaba na moto wa gesi. Ya yule mwingine haikuwahi kufika mikononi mwangu.

Nikaigeuza juu chini, nikakwangua kijani, nikafuta kwa msasa. Maungio ya Wajapani yalikuwa ya shaba pia, lakini laini, kama yamelainishwa kwa kidole. Kisha karibu na pedeli nikakuta nundu ya njano, mbaya, imepigwa tupa upande mmoja tu. Upande wa pili tupa yangu haikuingia.

Nilingoja kitu kinipige kifuani. Hakikuja. Niliona shaba, na kucha zangu zimejaa rangi ya kijani.

"Sema, shemeji," alisema.

"Ni yake."

Alinyooka taratibu. Yule mcheshi akavua kofia. "Tuwie radhi, mzee," alisema, nami nikamwambia hakuna kosa, wao ndio waliotutoa gizani, Mungu awalipe.

Tuliporudi Korogwe shehe aliwaita wale watu wawili wa ng'ambo ya korongo, akawauliza siku na mahali, akanisikiliza na mimi. Kisha akasema sasa amejua kwamba aliyeingia majini siku ile ni mdogo wangu, na amekufa. Tukasema sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Shemeji alikuwa amekuja na kanga nyeupe kwenye mkoba, tayari.

"Eda naanza leo, shehe, au kesho?"

Shehe alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, eda huhesabiwa tangu siku ya kifo. Haihesabiwi tangu siku ya habari. Miezi minne na siku kumi yako imeshakwisha."

Shemeji aliniangalia mimi, kama kwamba ningeweza kukwangua na hapo nikakuta kingine. Nami nilikuwa nimesoma, nilijua shehe amesema sawa.

"Kwa hiyo wakati ule napika chakula chake," alisema, "nilikuwa mjane?"

"Ndiyo," nilimwambia.

"Na Idi nilipovaa nguo mpya, nikajipaka hina, ili akirudi anikute hivyo?"

Shehe alisema mtu hahesabiwi dhambi kwa asilolijua, na kwamba subira yake ina malipo. Nikaitikia amina. Niliamini kila neno, na bado naamini. Kisha wanaume tukaenda kutawadha ili tumswalie marehemu asiyekuwepo, naye akabaki ukumbini, kanga nyeupe magotini, hajui aivae au airudishe mkobani.