Yaliyo Mabovu Sukuma Kando

Ijumaa ile jenereta ilizimwa saa sita kamili mchana, na orodha ilikuwa imeshatoka kwenye printa dakika ishirini na tano kabla. Kompyuta ilikuwa ileile na wakulima walikuwa walewale, lakini kabla ya siku hiyo programu haikuwahi kufika mwisho hata mara moja. Meneja aliing'oa karatasi ndefu, akaizungusha shingoni kama skafu, akatoka nayo uani akicheza.

Ilikuwa miaka ya tisini, katika ofisi ya chama kidogo cha wakulima wa kahawa huko Karagwe, wakati Kamuli na Mabira bado zilikuwa ndani ya wilaya hiyo. Tulikuwa na kompyuta moja ya mtumba. Mimi, karani wa ghala, nilikuwa nimejifunza lugha ya C kwa kitabu kisicho na jalada, basi nikakabidhiwa kazi ya kutengeneza orodha ya wakulima watakaopewa miche mipya. Programu yangu ilichukua jina la kila mkulima na kulilinganisha na mengine yote, ili mtu asiandikwe mara mbili.

Wakubwa wetu wa Bukoba walituma ujumbe: lori la Ijumaa litachukua orodha, na isipokuwepo, litachukua kompyuta. Kompyuta ikiondoka, mimi narudi ghalani kushona magunia. Dizeli tuliyogawiwa kwa siku ilitosha saa mbili, kuanzia saa nne hadi saa sita. Kwa makadirio yangu programu ilihitaji karibu saa tatu, na umeme ukikatika inaanza upya.

Kilichoichelewesha ni makosa. Makarani walikuwa wamepita vibanjani, kwenye mashamba ya migomba na kahawa, kuuliza idadi ya mibuni. Wazee wetu hawapendi kuhesabu walicho nacho mbele ya mgeni, iwe ng'ombe, watoto au mibuni. Walijibu "mingi" au "ya kutosha", na makarani kwa adabu wakaandika hivyohivyo mahali pa namba. Mzee mmoja wa Mabira aliandikiwa "Mungu anajua". Kwa hiyo nilikuwa nimejaza ukaguzi katikati ya kazi: kila ulinganisho ulikuta njiani maelezo marefu ya nini cha kufanya endapo kuna kosa. Nilianza kwa kuzuia ujumbe wa makosa usichapwe papo hapo. Muda niliokadiria ukashuka hadi saa mbili na dakika kumi. Dakika kumi!

Jumatano alasiri nilikwenda nyumbani Ihembe. Mama na shangazi walikuwa wamekaa kwenye mkeka wakichambua kahawa iliyokauka.

"Shikamoo mama. Shikamoo shangazi."

"Marahaba," mama alijibu. "Mbona uso kama wa mtu aliyetoka kuzika?"

"Mashine ya ofisini, mama. Inachelewa."

"Ya kwako mpya," shangazi akadakia. "Mimi yangu inachelewa tangu siku ya harusi."

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Nikakaa kuwasaidia. Nikaona punje mbovu, nikainuka, nikaenda kuitupa shimoni, nikarudi. Nikaona nyingine, nikainuka tena.

"Wewe!" mama akaita. "Kila bovu unalisindikiza? Sukuma kando. Tutayatazama mwishoni."

Nikamtazama mkono. Punje nzuri zilimjia bila mkono kusimama, na mbovu aliipiga kwa kidole kidogo ikaenda ukingoni mwa mkeka. Nilicheka peke yangu, nao wakanishangaa.

Katika programu yangu, mistari mizuri ya orodha, ambayo ndiyo mingi, ilikuwa inaruka maelezo ya makosa kila mara ili ifike ng'ambo. Chipu za siku zile zilikuwa zikichota mapema amri zinazofuata. Ukiiambia chipu iruke, inatupa ilizochota na kuanza kuchota upya. Alhamisi nilihamisha maelezo yote ya makosa hadi chini kabisa, mahali pamoja. Sasa mstari mbovu ndio ulioruka, na mzuri ulinyooka moja kwa moja. Nilipokuwa nikiitafsiri upya kwa kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yangu kuwa lugha ya mashine, nikawasha pia chaguo lake moja ambalo sikuwahi kuligusa, la kutanguliza kasi badala ya udogo wa programu. Dizeli ya siku hiyo ikaishia hapo.

Kesho yake ndiyo ile Ijumaa ya skafu.

"Bwana Kompyuta!" meneja alipiga kelele. "Umeilisha nini, senene?" Kwetu panzi hao ni kitoweo cha thamani.

Makosa yote yalitoka pamoja, kwenye karatasi ya mwisho. Baadaye makarani walirudi vibanjani, safari hii wakahesabu mibuni wenyewe huku wenye mashamba wakiwatania.

Ijumaa ileile lori lilipakia orodha. Meneja akakaa kuandika barua ya kwenda Bukoba. "Wanataka sababu ya hii kasi. Niandike nini?"

"Ama ni kuhamisha makosa, mzee, ama ni lile chaguo."

"Ama, ama! Zima moja, Jumatatu tupime."

Jumatatu disketi ya kompaila ilikataa kusomeka, na hatukuwa na nyingine. Programu iliyokwisha kutafsiriwa iliendelea kufanya kazi msimu baada ya msimu, kompyuta ikabaki, nami nikabaki nayo. Barua ilikwenda bila sababu. Ni lipi kati ya yale mawili lililotupatia dakika zile, sijui mpaka leo.