Mkia Aliouona Baba

Nimeandika kurasa nyingi kuhusu mashimo meusi, na sidhani kama waliozisoma wanafikia idadi ya wapangaji wa ua wetu kule La Rochelle, mtaa wa Johannesburg. Silalamiki. Kazi niliichagua mwenyewe, na hasira nilizaliwa nayo. Ninachotaka kueleza hapa ni ile miezi mitatu ambayo baba yangu aliishi nami katika ua huo akitibiwa macho, na swali moja aliloniuliza.

Ua ulikuwa na nyumba moja mbele na vyumba vitano nyuma, na umeme wa wote ulitoka kwenye kisanduku kimoja kilichopigiliwa ukutani karibu na bomba. Jirani yangu wa karibu alikuwa fundi cherehani, Mrundi, mtu wa utani asiyechoka. Kila umeme ulipokatwa alisimama mlangoni kwake na kuniita. "Eish, dada wa umeme, huko chuo wanakufundisha nini, na sisi tuko gizani?" Alikuwa amesikia kwamba nasomea metali zinazopitisha umeme bila kupoteza hata chembe, akaamua kwamba mimi ni fundi. Nilikuwa nikikasirika kila mara, na kila mara yeye alicheka.

Ukweli ni kwamba metali hizo, zinazoitwa superkondakta, sijawahi kuzigusa. Baadhi yake zina tabia ngumu kiasi kwamba hesabu za kawaida zinashindwa kuzieleza, kwa hiyo sisi wa nadharia tunapita mlango wa nyuma. Unaijua ile picha ndogo inayometameta kwenye kadi ya benki, ambayo ni bapa lakini ukiigeuza unaona kina ndani yake? Hiyo ni hologramu. Sisi tunaichukua metali kama ule ubapa, na ndani ya kina tunaweka shimo jeusi. Joto la shimo linakuwa ndilo joto la metali. Ukilipoza shimo vya kutosha, kitu kama ukungu kinajikusanya kulizunguka, na ukungu huo ukitokea, kule kwenye ubapa metali imeanza kupitisha umeme bila kizuizi chochote. Hayo yote yanafanyika kwenye karatasi na kompyuta. Hakuna waya hata mmoja.

Baba alikuwa mtu wa waya. Alifanya kazi ya umeme katika kiwanda cha shaba huko Likasi, Kongo, tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na alipofika Johannesburg mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili kiasi cha kunitambua kwa sauti tu. Walimfanyia upasuaji jicho la kulia, na baada ya majuma kadhaa la kushoto. Siku walipombandua bandeji ya kwanza alinitazama muda mrefu, akasema nimekonda. Kuanzia hapo hakutulia. Alitaka kuona kila kitu, na kitu cha kwanza alichokiona kikamuudhi kilikuwa kile kisanduku cha ukutani.

Alikitengeneza kwa siku mbili. Alikuwa na utaratibu wake ambao hakuuvunja hata mara moja. Kwanza alizima swichi kuu, kisha akang'oa fyuzi na kuitia katika mfuko wa shati lake, na haikutoka humo mpaka kazi imekwisha. Alifanya hivyo hata siku ambayo mtaa mzima ulikuwa umekatiwa umeme. Fundi cherehani alimtania kwamba anaogopa maiti. Baba akamjibu kwa Kiswahili cha Likasi, ambacho courant ni umeme na njo ni ndiyo, "Courant iliyokatwa na wengine si yako, mwanangu. Wanaweza kuirudisha bila kukuuliza. Ile unayoifunga mwenyewe, ile njo unaijua." Tangu siku hiyo ua mzima ulimwita papa, na mimi nikapata ahueni kidogo ya utani.

Wakati huo nilikuwa namalizia tasnifu yangu ya udaktari, na nilikuwa nimevimba kichwa. Katika modeli yangu mpya kompyuta ilinionyesha jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa wengine. Kwa kawaida, ukichora ukungu ule dhidi ya joto, mstari unashuka kadiri joto linavyopanda, halafu kwenye joto fulani unagusa sifuri na kuishia hapo. Wangu haukuishia. Ulishuka, ukakaribia sifuri, kisha ukaendelea pembeni kama mkia mwembamba. Niliamini nimegundua ukungu unaodumu mahali ambapo haukupaswa kuwepo. Sura nzima ya tasnifu niliijenga juu ya mkia huo.

Alasiri moja baba aliketi nyuma yangu kitandani wakati nafanya kazi. Akaniuliza mchoro ule ni wa nini. Nilimweleza kwa ufupi, kwa sauti ya mtu anayetaka kuachwa, kwamba mstari ukiwa juu umeme unapita bure, ukifika chini kabisa umekwisha. Akasogea, akaweka kidole karibu na kioo. Jicho lake jipya lilikuwa bado linatoa machozi.

"Mama," akasema, maana ndivyo alivyoniita tangu utotoni, "huu mukia iko natoka wapi?"

"Ndiyo ugunduzi wenyewe, papa."

"Hapana. Kintu ikikufa, inakufa. Ikibaki na mukia kama huu, kuna mahali courant inavuja. Chanzo ulikifunga?"

Nilicheka, na hakikuwa kicheko kizuri. Nilimwambia kwamba hapa hakuna chanzo wala waya, kwamba haya ni mashimo meusi na si kisanduku cha ukutani. Akatoa kidole chake kwenye kioo. "Sawa, mama. Mi nauliza tu." Akatoka nje kwenda kuongea na fundi cherehani.

Juma lililofuata nilipaswa kuwasilisha kazi yangu mbele ya idara kabla ya kukabidhi tasnifu. Baba aliniomba aje kusikiliza. Hakuomba kitu kingine chochote katika miezi yote mitatu. Alisema hatanielewa, lakini anataka kuketi nyuma aone binti yake anavyosimama mbele ya watu, kwa sababu sasa anaweza kuona. Alikuwa ameshaipiga pasi suti yake ya kanisani na kuitundika kwenye msumari.

Nilimwambia watu wa nje hawaruhusiwi.

Niliogopa atauliza swali. Hiyo ndiyo sababu na sina nyingine. Nilimwona akilini akiinua mkono, na suti yake ya mabega mapana, akiuliza kuhusu fyuzi kwa Kifaransa cha karakana mbele ya maprofesa. Yeye alikubali papo hapo. Alikuwa ametumia maisha yake kuheshimu vibao vya kukataza watu kuingia, akaona ni jambo la kawaida. "Atelier njo vile," akasema, yaani karakana ndivyo zilivyo, na akairudisha suti kwenye mfuko wake wa nailoni. Asubuhi ya siku yenyewe nilikuta tangazo limebandikwa kwenye mlango wa ukumbi. Chini kabisa lilisema wote mnakaribishwa.

Nilizungumza vizuri. Nilipofika kwenye mkia niliuonyesha kwa madaha. Msimamizi wangu, mama mpole asiyepandisha sauti, alingoja nimalize, kisha akaniuliza kama nina hakika kwamba chanzo kilikuwa sifuri.

Nieleze alichomaanisha. Kompyuta ni mvivu. Katika hesabu hizi jibu la kwamba hakuna ukungu kabisa ni jibu halali siku zote, na kompyuta ikiachwa peke yake inapenda kulala hapo hapo. Kwa hiyo tunausukuma ukungu kidogo kutoka ukingoni ili uanze, na msukumo huo ndio tunaouita chanzo. Ukishaanza ni lazima uurudishe msukumo sifuri, kwa sababu maana nzima ya kazi yetu ni kwamba ukungu utokee wenyewe bila kusukumwa na mtu. Nilifungua programu yangu mbele yao wote. Msukumo ulikuwa pale pale, namba ndogo niliyoiandika miezi mingi nyuma na kuisahau. Mkia wangu haukuwa ugunduzi. Ulikuwa uvujaji.

Niliizima skrini haraka. Msimamizi wangu aliona, na kwa kutaka kunipunguzia aibu akaniuliza kama kuna mtu yeyote niliyemwonyesha mchoro huu kabla ya siku hiyo. Nikasema hapana, hakuna mtu aliyeuona.

Wahenga wanasema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja hata mtoto azaliwe, yalinikuta ngazini nikishuka. Hata hivyo nilipofika nyumbani na baba akaniuliza mambo yalikwendaje, nilimwambia yamekwenda vizuri, hawakuwa na swali. Akafurahi sana. Akamwita fundi cherehani amwambie, na fundi kwa mara ya kwanza hakunitania, akanipa mkono.

Sura ile niliiandika upya kwa muda wa miezi saba. Baba hakuiona. Alifariki Likasi katika msimu wa baridi uliofuata, kwa moyo, siyo macho, na dada yangu aliniambia kwa simu kwamba mpaka siku zake za mwisho aliwasimulia wageni jinsi maprofesa wa Johannesburg walivyokosa hata swali moja la kumuuliza binti yake. Tasnifu iko maktaba ya chuo, imejalidiwa. Katika ukurasa wa shukrani nimemshukuru msimamizi wangu kwa swali lake kuhusu chanzo, swali lililoiokoa kazi hii. Baba nimemshukuru kwa maombi yake.

Kuna jambo nimeliruka, na ndilo lililonifanya nianze kuandika haya. Siku aliyoondoka nilimsindikiza Park Station, siku nne baada ya wasilisho. Mizigo ilikuwa imeshapakiwa na dereva alikuwa anaita majina. Baba alikuwa amevaa ile suti, maana alisema haiwezekani irudi Likasi bila kuvaliwa. Akaweka mguu kwenye ngazi ya basi, kisha akageuka.

"Mama, ule mukia, uliukata?"

"Ndiyo, papa. Nilisahau kufunga chanzo."

Alitingisha kichwa polepole. Niliona anangoja. Mlango ulikuwa wazi, na kumpa haki yake kungechukua maneno mawili tu.

"Nani alikuonyesha?" akauliza.

"Niliona mwenyewe."

Akanitazama kwa macho yake yote mawili, mazima. Akagusa mfuko wa koti lake kama mtu anayehakikisha kwamba fyuzi bado imo.

"Njo muzuri," akasema. "Ni muzuri muntu kujionea." Kisha akapanda akatafuta kiti chake.