Siafu na Picha ya Mama Mkwe

Kamera yangu niliinunua Migori, kuukuu na mbovu. Shule sikumaliza, lakini niliitengeneza mwenyewe. Nikaenda nayo Karungu kwa wakwe. Mama mkwe hakuwa amewahi kupigwa picha, na siku hiyo alikubali moja tu.

Nilipokwisha kumpiga picha, filamu ikakatika ndani. Ningefungua kamera juani, picha ingeungua. Nikaifunika kwa koti langu zito, nikapenyeza mikono kupitia mikono ya koti, nikaanza kuikunja filamu kwa kupapasa niitie katika kopo lake lisilopitisha mwanga.

Ndipo siafu wakaingia kwenye suruali yangu. Nikitoa mikono, picha imekwenda. Nikisema nivuliwe suruali mbele ya mama mkwe, heri kufa.

"Ora," akaniita, jinsi wanavyomwita mkwe huku kwetu, "mbona unatoa machozi?"

"Ni kazi, mama."

"Kazi gani ya kuliza mtu mzima?"

"Picha yako ni nzito."

Shemeji zangu wakacheka. Nikavumilia mpaka kifuniko cha kopo kikakaza, ndipo nikatimua mbio nyuma ya zizi.

Picha ilitoka safi. Aliitundika ukutani, na kila mgeni akaambiwa, "Hii ndiyo iliyomliza mkwe wangu."