Sakafu Isiyolala Upande

Mtaani Dunda, mjini Bagamoyo, aliyetaka kumsifu fundi Msabaha alimwaga maji sakafuni. Ndivyo ilivyokuwa tangu ujana wake. Akimaliza kusakafia nyumba, mwenye nyumba huitwa, kata moja ya maji humwagwa katikati ya chumba, na watu husimama kuangalia. Maji yakitulia palepale bila kuchagua ukuta wa kukimbilia, fundi hujifuta jasho na kutabasamu utadhani bwana harusi. Miaka arobaini alitembea na pimamaji kwapani. Hata akienda msikitini aliiacha mlangoni pamoja na makubazi yake. Kiburi cha kazi nacho ni kiburi.

Basi Hamoudi, muuza vitambaa, akamwita. Binti yake Raghad alikuwa na miaka kumi na minne na hakuna alichokipenda kama mpira wa pete. Lakini binti amekua, na baba hakutaka tena acheze kwenye uwanja wa wazi mbele ya macho ya wapita njia. Mtoto alilia siku tatu. Hamoudi, ambaye kwa binti yake ni laini kuliko anavyotaka watu wajue, akaamua kwamba kama mwana haendi uwanjani, uwanja utakuja uani. Alitaka uwanja usiomsumbua, usio na nyasi za kufyeka wala rangi ya kubanduka kila mwaka kwa joto na unyevu wa pwani: zege chini, vigae vya plastiki vyenye matundu juu, nguzo moja na pete yake.

Muuza vigae, Feisal, alikuja kutoka Dar kupima, Hamoudi akiwa dukani.

"Mzee, zege literemke kidogo kuelekea mferejini," alisema. "Sentimita moja kwa kila mita. Ukuta wenu mrefu, upepo haufiki. Maji yakilala chini ya vigae hayatakauka."

Msabaha alimtazama juu mpaka chini. "Mwanangu, nasakafia Bagamoyo hii tangu hujazaliwa. Sakafu yangu hailali upande."

"Ni mteremko mdogo tu, mzee, hata macho hayauoni..."

"Hailali."

Feisal akaenda zake. Zege likamwagwa, likakauka, kata ya maji ikaletwa. Maji yakatulia tuli, na Hamoudi akapiga makofi. Maskini, alikuwa akilipigia makofi kosa lenyewe.

Miezi ya mwanzo ilikuwa ya raha. Raghad na wenzake watatu walicheza ua ukatikisika, na bibi yake, Bi Shaikha, mamaye Hamoudi, alikaa mlango wa nyuma akilalamikia kelele huku akihesabu magoli. "Adhana ya magharibi isiwakute mnarukaruka," aliwaonya kila siku. "Wakati ule si wetu peke yetu." Na nani pwani asiyejua kwamba magharibi majini hupita, na watoto huingizwa ndani?

Masika yakaja. Mvua ilipenya kwenye matundu ya vigae, ikakaa. Chini kukaota utelezi wa kijani, kama ule wa ndani ya mtungi usiosuguliwa, ukapanda hadi juu. Jioni moja Raghad aliruka kurusha mpira, na alipotua mguu ukamkimbia. Goti likapinda vibaya. Adhana ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Kesho yake Msabaha alikwenda kumjulia hali. Akipita uani aliinua kigae kimoja, akaona maji yamelala. Hakuhitaji kuambiwa. Aliingia ndani amekusudia kusema, lakini akamkuta Bi Shaikha analia. "Nilimkataza! Nilisema asicheze magharibi!" Hamoudi ameinamisha kichwa, mtoto kageukia ukutani. Bi Shaikha akamgeukia yeye, mtu mzima mwenzake, ampe neno. Na Msabaha, Mungu amsamehe, akasema, "Ndiyo hivyo, bibi. Wakati ule si wetu."

Maneno hayo tu. Nguzo ikang'olewa, kamba za nguo zikafungwa mahali pake. Goti lilipona nusu, na baba hakutaka tena kusikia habari ya mpira. Tangu hapo, ikifika magharibi Raghad alikuwa wa kwanza kutandika mswala na wa mwisho kuinuka. Bi Shaikha alimsifu kwa majirani. Msabaha naye aliacha kumwaga kata ya maji kwenye nyumba za watu. Walidhani ni uzee, kumbe ni aibu.

Miaka mitatu baadaye Hamoudi alimwita tena, safari hii aondoe vigae, ajenge stoo. Aling'oa kimoja kimoja. Chini, utelezi ungali mbichi. Raghad akamletea chai, akichechemea kidogo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu." Akaweka kikombe chini. "Niitie baba yako. Nawe usiondoke."

Akasema yote: alichoshauri Feisal, alivyomkatalia, kigae alichokiinua, neno alilompa Bi Shaikha akijua si kweli. Hamoudi akainama, akapitisha kidole kwenye ule utelezi.

"Fundi," alisema mwishowe, "ungenieleza siku ile ningevunja zege nikamwaga jingine. Kazi ya wiki mbili. Mtoto angerudi kucheza."

Msabaha aliitikia kwa kichwa.

"Kwa hiyo, babu," Raghad aliuliza taratibu, "si kwa sababu sikumsikia bibi?"

Hapo ndipo Hamoudi na Msabaha walipoelewa mtoto alikuwa akiomba msamaha wa kosa gani kila magharibi juu ya mswala ule.

"Hukukosa kitu, mwanangu," Msabaha alisema. "Ni mimi."

Raghad hakulia. Alikwenda kwenye pipa, akachota kata moja ya maji, akaimwaga katikati ya zege lililobaki wazi. Wote watatu wakasimama kuangalia. Maji hayakwenda popote.