Shule ya Bure na Mtoto wa Tano

Serikali ilipofuta karo ya shule za msingi, mama mkwe wangu alifurahi kuliko waziri. Tulikuwa tumerudi kutoka Bukavu baada ya vita, mimi, mume wangu na watoto wanne, tukapata kishamba huku Mururu, upande wetu wa mpaka. Mama mkwe alizika wanawe wawili katika kukimbia kule. Kwake kila mimba ilikuwa jibu kwa kifo.

"Masomo iko bure," alimwambia mume wangu huku akimenya mihogo mlangoni. "Leta itasomesha. Kwa nini batoto bane tu? Ongeza!"

Mume wangu akanitazama kama mtu aliyesikia sukari imeshuka bei.

Leta, yaani serikali, ilikuwa na ujanja isioujua yenyewe. Awali, nilipovuka mpaka kwenda Bukavu kuuza nyanya, binti yetu mkubwa ndiye aliyebaki na kitinda mimba mgongoni. Karo ilipofutwa, binti naye akaenda shule. Sasa nikawa navuka daraja na mtoto mgongoni na beseni kichwani, askari wa ng'ambo akiuliza kama mtoto naye ana kibali.

Ndipo akaja mkubwa mmoja wa afya, amevaa suti ya kijivu, akatueleza kwa saa mbili uzuri wa familia ndogo. Tulimsikiliza uwanjani pa shule, maana madarasa yalijaa watoto mpaka madirishani. Bure iliwaleta watoto wote, madawati haikuyaleta.

Mama mkwe akasimama. "Mzee, wewe uko na batoto ngapi?"

"Nane, Maman. Lakini nilizala mbele programu hii ianze."

Tukapiga makofi, sijui kwa nini.

Wiki iliyofuata nilikwenda kituo cha afya kupigwa sindano ya uzazi wa mpango. Kwenye benchi nilikuta majirani watano. Hakuna aliyetaja hotuba.

"Wangu mukubwa ameanza masomo," mmoja akaniambia. "Nani atanibebea mwingine?"

Nilimweleza mume wangu habari ya sindano, naye akamweleza mama yake. Siku ya nne, nikijiandaa kwenda sokoni, mama mkwe alimchukua kitinda mimba, akamfunga mgongoni, akazunguka nyumba mara moja tu. Akamshusha, akakaa chini akihema.

"Kumbe huyu ni muzito hivi," akasema.

Wa tano hakumtaja tena kwangu. Alimgeukia shemeji yangu, ndugu wa mume wangu, ambaye wakati huo hata mchumba hakuwa naye.